Curare na Mguu Wangu wa Kushoto

Wewe unayesoma haya huku umefunika kidonda kwa nguo, nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: kifunue. Sikuambii ukifunue mbele ya watu wote. Kifunue mbele ya mtu mmoja tu anayejua kuosha. Mimi nilichelewa miezi minne kufanya hivyo, na miezi hiyo nusura inipokonye mguu.

Wengi wameniomba niwasimulie. Wanakuja hapa nyumbani Temeke, wanakaa kibarazani, wanauliza habari za watoto na za mvua, na mwisho wanainua kanga au suruali kidogo na kusema, "Mwalimu, nasikia na wewe iliwahi kukupata." Nimechoka kusimulia nusu nusu. Basi nimeyaandika yote, mazuri na ya aibu.

Mimi ni Mnyamwezi wa Unyanyembe, na jina langu la ubatizo ni Severini. Nilipokuwa kijana nilisoma seminari miaka mitano nikitaka upadre. Baba alipofariki nilirudi nyumbani kulea wadogo zangu, na walipokua nikapanda treni kuja Dar es Salaam. Ilikuwa enzi za Mwingereza, na Temeke ilikuwa bado na mashamba ya mihogo katikati ya nyumba. Nikapewa kazi ya ualimu wa dini. Siku za juma nilifundisha watoto kusoma, na Jumamosi na Jumapili nilikwenda kwa miguu hadi vigango vya Yombo, Buza na Kitunda, kuelekea vilima vya Pugu, kuwafundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa. Basi la kwenda huko halikuwepo. Bila mguu sikuwa na kazi, na bila kazi mke wangu na watoto wasingekuwa na nyumba.

Nilichotoka nacho seminari, zaidi ya sala, ni Kilatini kidogo. Aliyetufundisha alikuwa padre Mfaransa, mwembamba, mwenye kikohozi kisichokwisha. Siku ya kwanza ya vitenzi alituandikia ubaoni kitenzi curare. Tukaimba pamoja: curo, curas, curat. Kisha akauliza nani anaweza kukisema kwa Kiswahili. Mwenzetu mmoja aliyewahi kuchungulia kamusi akajibu, "Kuponya, Padre."

"Mapema mno," akasema Padre.

Akaeleza kwamba watu wa kale wa Roma walipokitumia kitenzi hicho, kwanza walimaanisha kujisumbua kwa ajili ya mtu: kumwangalia, kumwosha, kumlisha, kuhangaika naye. Kuponya kulikuja mwishoni. Mara nyingine hakukuja kabisa, na kitenzi kikabaki kilekile. Akatuambia kwamba kijijini kwao Ufaransa padre wa parokia huitwa curé, jina lililozaliwa na kitenzi hicho, kwa sababu amekabidhiwa watu wa kuwahangaikia, "hata kama hajawahi kuponya kuku." Tulicheka sana. Nikaandika yote daftarini na nikafaulu mtihani. Kuelewa kulinichukua miaka ishirini.

Kidonda kilianza wakati wa vuli, miaka michache baada ya vita vya pili. Nilikuwa natoka Buza, njia imejaa maji, nikakanyaga pembeni na kisiki kilichokatwa kwa panga kikanichoma juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Nikasafisha kwa maji ya dimbwi, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Sikukuu ya Noeli ilipofika kilikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti. Jua la Januari na Februari lilipopita kilikuwa kama kiganja cha mtoto, kingo zake zimevimba na kuinuka, ndani kuna rangi ya majivu. Tena kilinuka. Nani asiyeijua harufu ile? Ukiwa nayo mwilini unaisikia hata unapokula.

Nilikuwa navaa kanzu ndefu kila siku, kwa hiyo hakuna aliyekiona. Darasani niliona tu kwamba madawati ya mbele yanarudi nyuma kidogo kidogo, na siku moja nikagundua nafundisha nikiwa nimetenganishwa na watoto kwa nafasi ya hatua tano. Hakuna mtoto aliyesema neno. Walikuwa na adabu, na adabu yao iliniuma kuliko kidonda.

Sisi watu wa dini tuna aibu yetu wenyewe. Nilikuwa nimewatembelea wagonjwa wangapi, nimepiga magoti kando ya vitanda vya kamba, nimewaambia Mungu hawasahau? Nitawezaje kuwaonyesha mguu unaooza? Niliona kwamba watu watasema Mungu amenikataa, na kwa kunikataa mimi wataona amekataa na mafundisho yangu. Kwa hiyo nikafanya kosa ambalo mwalimu wa dini peke yake anaweza kulifanya. Jumatano ya Majivu niliweka nadhiri kwamba sitakula kitu ila uji mweupe, mara moja kwa siku, mpaka kidonda kifunge.

Nilijua kabisa kwamba Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga. Nilikuwa nalifundisha jambo hilo kila mwaka.

Nilimwambia mke wangu Kristina peke yake. Watu humwita Mama Paulina, kwa jina la mtoto wetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya.

"Padre umemwambia?" akauliza.

"Nadhiri ni kati yangu na Mungu."

"Na jikoni? Jikoni nako ni kati yako na Mungu?"

Sikujua alikuwa anasema nini, mpaka nilipoona. Kwetu mke hali kitoweo mume akiwa anakunywa uji mtupu. Kristina aliwapa watoto wakubwa wali na samaki, kisha akaja kukaa nami na bakuli lake la uji. Nikamwambia ale. Akasema ameshiba. Juma la pili Paulina alianza kulilia titi na kuliacha, kulilia na kuliacha. Nikajiambia mtoto anaota meno.

Juma la tatu la Kwaresima nilianguka darasani, chaki mkononi. Mwalimu mwenzangu akanipakia kwenye mkokoteni na kunipeleka hospitali kubwa ya mjini, na Kristina akatufuata kwa miguu, mtoto mgongoni.

Yeyote aliyewahi kungoja kwenye baraza ya hospitali ile hahitaji nimweleze. Benchi ni refu, ukuta umepakwa chokaa inayobaki mgongoni mwa nguo, na watu wanasogea makalio kwa makalio kila mlango unapofunguliwa. Tulifika asubuhi mapema na jua likavuka upande wa pili wa baraza kabla sijaitwa. Mama mmoja wa Kimakonde aliyekuwa kando yangu alininusa, akaniangalia usoni, kisha badala ya kusogea mbali akanipa nusu ya chungwa. Nilikataa kwa sababu ya nadhiri. Hadi leo nalijutia chungwa lile.

Daktari alikuwa Mwingereza wa makamo, mikono yake ina madoa ya jua. Alipofungua kitambaa hakukunja uso, na kwa hilo nilimshukuru. Alibonyeza kingo, akachokonoa ndani kwa kijiti cha chuma. Nikafumba macho, na kwa sababu sala zote zilinikimbia nikajikuta nasema kwa sauti yale ya utotoni: curo, curas, curat.

"Mguu mbaya," akasema daktari kwa Kiswahili chake. "Mimi hapana ahidi cure. Vitanda hapana. Wewe rudi Temeke, osha kila siku, piga sindano. Njoo Jumatatu baada ya sikukuu ya Kupaa. Kama hapana badilika," akaweka kiganja chake chini ya goti langu, "kata hapa."

Kristina alikaa sakafuni palepale.

Dirishani, tulipokwenda kuchukua dawa, kompaunda alikuwa Mgoa mnene, mchangamfu, aitwaye Bwana Fransisko. Alikuwa amesikia maneno yangu kupitia mlango.

"Mwalimu, umenikumbusha shule! Hata sisi tulichapwa kwa kitenzi hicho. Kwa Kireno ni curar. Na mganga wa mitishamba ni curandeiro."

"Na cure ya daktari?"

"Ndugu wa damu! Hao Waingereza wamekitumia kila mahali. Mgonjwa akipona ni cure. Samaki akikaushwa kwa moshi na chumvi asioze, nako wanasema cure. Padre mdogo wa kanisa lao ni curate. Yule mzungu anayetunza vitu vya kale kwenye makumbusho, curator."

"Ukoo mkubwa," nikasema.

"Mkubwa sana. Lakini hawatembeleani." Akacheka, akanisogezea chupa na unga wa njano. Nilishangaa kwamba nimeweza kuzungumza hivyo dakika chache baada ya kuonyeshwa mahali pa msumeno. Mgonjwa mwenzangu, ukipata mtu wa kuzungumza nawe kama mtu mzima mwenye akili zake, hata kama ni dakika tano dirishani, pokea.

Kuanzia siku iliyofuata nilikwenda kila asubuhi kwenye zahanati ndogo ya Temeke. Dresa aliyefunga vidonda pale alikuwa Mzaramo mfupi, Mwislamu, kofia yake ya kitambaa imepauka kwa kufuliwa, jina lake Mfaume. Aliniuliza jina, mtaa na kabila ili aandike kwenye kadi.

"Mnyamwezi," nikajibu.

Akaweka kalamu chini. "Mungu mkubwa! Mtani wangu kaletwa mpaka mlangoni, tena hawezi kukimbia!"

Wasomaji wa pwani na wa bara wanajua mambo haya. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana, akakunyang'anya kofia, akaja msibani kwako akafanya vituko juu ya maiti, nawe huna haki ya kukasirika. Mimi kama mwalimu wa dini nilikuwa nimejiweka mbali na utani. Mfaume hakuuliza kama nimejiweka mbali.

Lakini mikono yake! Kabla hajanigusa alisema bismillahi. Alipasha maji ya chumvi na kujaribu joto lake kwa kiwiko, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Alinimwagia taratibu, akakata nyama iliyokufa kwa mkasi aliouchemsha, akaosha tena kwa dawa ya zambarau, akanyunyiza unga wa njano, akafunga bandeji bila kukaza. Mdomo wake ulikuwa haupumziki, ila mikono haikuharakisha hata mara moja. Nilimweleza habari za samaki wa Waingereza nikidhani nitamnyamazisha.

"Wana akili!" akasema. "Basi tukukaushe, tukutundike sokoni na ng'onda. Taabu ni mnunuzi. Nani atanunua ng'onda wa Kinyamwezi, mifupa mitupu?" Hapo akanishika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikauzunguka na kukutana. "Mifupa kweli. Mtani, unakula nini?"

"Nakula."

"Nimeuliza nini, sikuuliza kama."

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Kila asubuhi Kristina alinishika mkono tukavuka matope, na kila asubuhi Mfaume alifungua bandeji akiwa na matumaini. Sindano zikaisha. Harufu ikapungua na ile rangi ya majivu ikaondoka. Lakini chini yake nyama ilikuwa imepauka kama samaki aliyekaa sana ndani ya maji, na wala haikusogea.

"Shamba nimelisafisha," Mfaume akasema siku ya kumi na sita. "Halioti kitu. Hili jambo silielewi." Safari hii hakutania. Aliniambia nikangoje nje kwenye benchi, akamwita Kristina ndani.

Nilimsikia mke wangu akizungumza muda mrefu kwa sauti ya chini. Alipotoka hakunitazama.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi. Nilikuwa nimekaa uani, mguu juu ya kibao, nasoma sala. Nikasikia vilio barabarani, vilio vya msiba vya wanawake. Nikainuka kwa mkongojo kuangalia nani amefariki. Vikaingia kwangu.

Mbele alikuwa Mfaume, kofia ameigeuza nyuma mbele. Nyuma yake walikuwa mkewe na majirani zake watatu, wamejifunga kanga viunoni, wamebeba kipande cha mgomba kilichoviringishwa kwa kitambaa cheupe kama sanda, urefu wake ni wa mguu kuanzia goti kwenda chini.

"Mguu wetu ee!" alilia mkewe Mfaume. "Mguu uliopanda treni Tabora!"

"Ukaja kufa Temeke kwa njaa!" wakaitikia wenzake.

"Mguu uliokanyaga Yombo!"

"Ukakanyaga na Buza!"

"Mwenyewe kaunyima hata dagaa!"

Mtaa mzima ulijaa uani kwangu, Waislamu na Wakristo, na wanafunzi wangu. Wanawake wale wakatandika mkeka wangu bila kuomba, wakakaa, wakaanza kudai.

"Kahawa ya waliaji iko wapi? Kuku yuko wapi? Huu msiba gani mkavu?"

"Mfiwa mwenyewe ni huyu?" akauliza mwingine, akinizunguka. "Jamani, mbona kanenepa hivi! Huyu hana uchungu!"

"Mfaume," nikasema kwa hasira, "tuko katika Kwaresima. Toa mchezo huu nyumbani kwangu."

"Sawa, mwalimu, lakini maiti haingoji. Tuonyeshe tuchimbe wapi. Na uamue kabisa, tuchimbe la mguu, au tuchimbe moja kwa moja la mtu mzima? Maana nguvu za kuchimba mara mbili sina."

Hapo Kristina akacheka. Alikuwa amesimama mlangoni na Paulina kiunoni, na kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akaegemea kizingiti. Nilikuwa sijakisikia tangu Jumatano ya Majivu. Kikaendelea, kikaendelea, kisha kikageuka kilio, naye akajifunika uso kwa kanga.

Mfaume akaigeuza kofia yake sawasawa, akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Mtani," akasema polepole, "nimekuosha siku kumi na sita. Daktari wa mjini kakupa dawa yake. Mkeo anakupikia, chakula kinalala. Mtoto huyu analilia maziwa, hayapo. Sote tunahangaika na mguu huu. Mtu mmoja tu hahangaiki nao."

"Nauombea kila saa!"

"Unauombea upone. Na kuulisha je? Mimi nitaotesha nyama kwa maji na chumvi?"

Nilitaka kumjibu kwa maneno ya dini, nayo ninayo mengi. Badala yake nikasikia kikohozi cha yule Mfaransa na neno lake, mapema mno. Nilikuwa nimemwomba Mungu mwisho wa kitenzi na kuukataa mwanzo wake. Nilikuwa nimelikataa chungwa la Mmakonde, na samaki wa mke wangu. Wote hao walitumwa kwangu, nami nilikuwa nawafukuza mlangoni huku nikiuliza kwa nini Mungu hanijibu.

Nikautazama ule mgomba uliovikwa sanda, safi, umefungwa kwa ustadi wa bandeji zake Mfaume. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na mtaa ukacheka nami. Mgomba ukazikwa nyuma ya jiko kwa heshima zote. Kristina akamtoa kuku wetu wa pekee, Mfaume akamchinja kwa ajili ya waliaji, kama desturi inavyotaka, nao wakamla wote bila kuacha hata shingo.

Mimi sikula siku hiyo, kwa sababu nadhiri ni nadhiri. Jumapili ya Matawi, baada ya Misa, nilimfuata Padre wetu nikamweleza. Alinisikiliza akiwa bado ameshika tawi lake.

"Nani alikupa ruhusa ya mfungo huo?"

"Hakuna, Padre."

"Basi nimekufungulia. Malipizi yako ni haya: yai moja na kipande cha samaki kila siku, ule mbele ya mkeo, mpaka atosheke yeye. Usijipimie wewe."

Nimepewa malipizi mengi maishani. Hakuna yaliyonitoa machozi kama yale. Kristina alilivunja yai ndani ya uji, akakoroga, akaweka chumvi, akakaa kunitazama. Nilipomaliza akavuta sahani yake, akala samaki wake wote na kulamba vidole. Baada ya siku chache Paulina alilala mchana mzima, ameshiba.

Mwili una shukrani kuliko moyo. Juma la Pasaka, Mfaume alifungua bandeji na kupiga kelele zilizowatoa nje wagonjwa wote. "Njooni mwone! Mnyamwezi anachipua!" Katikati ya ile nyama iliyopauka palikuwa na vijidoa vyekundu, vidogo kama punje za komamanga. Walikuja kweli kutazama, vikongwe na akina mama wenye watoto, wakainamia mguu wangu ambao nilikuwa nimeuficha miezi minne. Mzee mmoja akasema "mashallah." Sikuona aibu. Nilikuwa kama mtu anayeonyesha shamba lake.

Masika yale yalinyesha sana, na matope yalipozidi Kristina alijifunza kuosha kidonda mwenyewe. Nakiri ilikuwa vigumu. Katika ndoa yetu yote hakuwa amenishika mguu kwa namna ile, na siku ya kwanza aliosha kwa ncha za vidole, na mimi nikageuza uso. Siku ya tatu alikuwa ananikaripia nisitikisike. Siku ya kumi alikuwa ananisimulia habari za soko huku anaosha. Sikumbuki kama tuliwahi kuzungumza vile hapo kabla.

Jumatatu baada ya Kupaa tukarudi hospitali. Benchi lilelile, chokaa ileile. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, ila usinidhanie shujaa. Kila msumari uliogongwa na mafundi nje niliusikia gotini.

Daktari alifungua. Akaleta rula, akapima huku na huku. Akamwita daktari mwenzake, wakaongea Kiingereza kwa haraka. Nilisikia cure mara mbili. Kisha akaniuliza, "Nani osha hii?"

"Mfaume, dresa wa Temeke. Na mke wangu. Na Mungu."

"Hawa mafundi," akasema. Akapiga goti langu kofi dogo, pale pale alipokuwa ameweka kiganja siku ile. "Kata hapana."

Mama Paulina alipiga kigelegele humo ndani ya chumba cha daktari. Mhudumu alikuja mbio akidhani kuna mtu amezaa. Bwana Fransisko alitoa kichwa dirishani, akapaza sauti, "Curat! Curat!" Nami nikaimba wimbo wa shukrani wa Kilatini, wote, kwenye ile baraza, nimesimama, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Safari hii kitanda kilipatikana. Walinitoa vipande vidogo vya ngozi pajani, kama mbegu za maboga, wakavipanda juu ya kidonda, nikalala majuma matatu mguu ukiwa juu. Vyote vikashika isipokuwa viwili. Kovu lipo, linang'aa, na wakati wa baridi linawasha. Nalo halivumilii jua kali. Ninalipaka mafuta ya nazi.

Nikuambie nini zaidi? Osha kila siku kwa maji yaliyochemka. Kula, hata ukiona hustahili. Uinue mguu unapokaa. Nenda zahanati mapema, ungoje, usikate tamaa na benchi. Ukiweka nadhiri, mwambie padre wako au shehe wako kwanza. Na anayekuletea bakuli usimpe hotuba. Ukimkatalia yeye hujui umemkatalia nani aliyemtuma. Watu huniuliza ni nani hasa aliyeniponya. Mfaume hujibu haraka kwamba ni Mungu, na mimi hukubali. Ila nikiwa peke yangu huongeza kwamba Mungu alijaribu joto la maji kwa kiwiko cha Mfaume.

Kipupwe kilipoingia, njia zimekauka, nilianza safari yangu ya kwanza ya vigango. Kristina alinifungia chakula cha njiani. Nilitembea polepole, nikipumzika kila penye kivuli. Yombo walinishangilia, Buza wakanipa maji. Kitunda nilifika jua likiwa utosini. Nje ya kibanda chetu cha sala alikuwa amekaa Bibi Atanasia, mjane wa Kimakua, macho yake yamefifia. Jina hilo alikwisha kujichagulia, akawa anangoja ubatizo tangu vuli na hakuna mwingine aliyekwenda kumfundisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo sauti ya mwalimu, lakini haiwezi kuwa mwalimu. Tulisikia mguu wake umezikwa Temeke, tena watani wamekula kuku."

"Kuku wamekula kweli, bibi."

"Usinidanganye mimi kipofu. Sogea."

Nikakaa chini mbele yake, nikaivuta kanzu, nikamnyooshea mguu wa kushoto. Aliupapasa kuanzia goti kushuka chini, polepole, akapita juu ya kovu, akarudi tena juu ya kovu, akahesabu vidole vyote vitano. Kisha akakishika kisigino kwa mikono yake miwili, akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akawapigia kelele waliokuwa ndani:

"Tokeni nje nyote! Mwalimu kaja na miguu yote miwili!"